Avignon, sisi wawili tu: navyopanga likizo yetu fupi ya mahaba

Baba Salha akisikia Ufaransa anawaza gari. Nilipomwambia mwaka huu kumbukumbu ya ndoa yetu twende kusini mwa Ufaransa, mimi na yeye tu, watoto wabaki kwa bibi yao, kesho yake akaja na ramani kwenye simu, mstari umeanzia Marseille unaenda Aix, unashuka Cassis, unarudi Arles, Nîmes, unakwenda mpaka Carcassonne, na kila usiku hoteli nyingine. "Mama Salha, tukiwa na gari tunaiona kusini yote." Nikamwambia baba, hiyo ni ziara ya waziri, sio likizo ya mtu na mkewe. Asubuhi mnafunga mabegi, mchana mmoja anaangalia barabara mwingine anaangalia ramani, jioni mnazunguka kutafuta paking, usiku mnalala hoi. Sasa mtaongea saa ngapi?

Tumekubaliana mji mmoja. Alikubali shingo upande mwanzoni lakini sasa hivi ndo yeye anayeniuliza kila siku tumefikia wapi. Mji wenyewe ni Avignon, tunalala ndani ya ukuta wa zamani, hatukodi gari, na kila siku tunapanga kitu kimoja tu cha maana, muda unaobaki ni wa kutembea na kukaa. Marafiki zangu kadhaa wameniuliza mpango umekaaje kwa hiyo naumwaga wote hapa, anayetaka kuchukua achukue.

Mimi Avignon niliwahi kupita kikazi, peke yangu, na nakumbuka kila jioni nikitoka kazini nilikuwa natembea tu bila mpango na kila nikiona kitu nasema moyoni hiki Baba Salha angekipenda, hapa tungekaa. Ni mji wa kutembea kwa mguu kabisa. Ukuta wa mawe wa karne ya 14 bado umeuzunguka mji mkongwe wote, kilomita 4 na ushei, na ukiingia kwa lango linalotazamana na stesheni ya treni ukanyoosha na mtaa wa rue de la République unafika uwanja wa Place de l'Horloge, mbele kidogo Kasri la Mapapa, mbele yake tena mto Rhône. Dakika ishirini hivi kama hamna haraka. Kila kitu mnachotaka kiko ndani ya hapo, mkichoka mnarudi chumbani kulala mchana, mnatoka tena jioni. Hiyo nafasi ya kurudi chumbani mchana watu hawaiweki kwenye mpango, wanakuja kuishi barabarani toka asubuhi mpaka usiku, alafu wanashangaa mbona wamenuniana.

Historia yake nayo ni nzito. Kati ya 1309 na 1377 mapapa wa Kanisa Katoliki walikuwa wanakaa hapa badala ya Roma, saba mfululizo, na mmoja wao, Clement VI, mwaka 1348 aliununua mji mzima kutoka kwa malkia Joanna wa Napoli kwa florini 80,000, sarafu za dhahabu za wakati ule. Yaani mji unauzwa na kununuliwa kama kiwanja. Ukabaki mali ya mapapa mpaka 1791 ulipoingizwa Ufaransa. Ndo maana mji mdogo namna hii una jengo kubwa namna ile katikati.

Lakini mimi kilichonifanya niseme ni Avignon na sio Aix wala Arles ni habari za mapenzi zilizotokea pale pale, za watu wa kweli.

Ya kwanza watu wengi wanaijua. Mshairi Petrarca, Mwitaliano aliyekulia maeneo yale kwa sababu ya baba yake kufuata kazi karibu na mapapa, tarehe 6 Aprili 1327 alimuona mwanamke anaitwa Laura kanisani, kanisa la Mtakatifu Clara hapo hapo Avignon. Basi imeisha. Akamwandikia mashairi zaidi ya 300, na yeye mwenyewe ameandika kwamba Laura alifariki tarehe hiyo hiyo, 6 Aprili, mwaka 1348, ule mwaka wa tauni. Sehemu lilipokuwa lile kanisa ipo mpaka leo, rue du Roi René, sasa hivi pana ukumbi wa tamthilia, Théâtre des Halles. Ni nzuri, tutapita. Ila kusema ukweli mimi kumpenda mtu kwa mbali miaka ishirini bila kuishi naye haijanikaa sana.

Ya pili ndo inayonigusa. John Stuart Mill, yule mwanafalsafa Mwingereza, alikuwa na mkewe Harriet Taylor. Walifahamiana tangu 1830 wakati Harriet ni mke wa mtu mwingine, wakawa marafiki wa kuandikiana na kujadiliana miaka na miaka, mpaka yule mume alipofariki ndo wakaja kuoana, mwaka 1851. Miaka saba tu. Vuli ya 1858 wako safarini kuelekea kusini, Harriet akaugua mapafu, akafia Avignon, hotelini, Hôtel d'Europe pale Place Crillon ambayo bado ni hoteli mpaka leo hii. Mill hakuondoka. Namaanisha alirudi Uingereza kwa kazi zake, lakini alinunua nyumba karibu na makaburi alikozikwa mkewe, makaburi ya Saint-Véran, nje kidogo ya ukuta upande wa mashariki, na kila mwaka alikuwa anakaa pale miezi kadhaa, na binti wa Harriet akawa ndo msaidizi wake. Alifariki hapo Avignon mwaka 1873 wakamzika kaburi moja na mkewe. Yeye mwenyewe alikuwa anasema wazi kwamba mengi aliyoandika walifikiri pamoja na Harriet, wawili. Nilipomsimulia Baba Salha hii akanyamaza kidogo alafu akasema "basi hapo tutaenda kuwasalimia". Imeshaingia kwenye mpango, asubuhi moja, mguu kwa mguu, na barabara ya kule ina jina la Mill kwa hiyo haipotezi mtu.

Haya sasa tarehe, maana hapa ndo watu wengi wanaharibu. Julai USIENDE kama unachotaka ni utulivu wa wawili. Julai ni Festival d'Avignon, tamasha la tamthilia aliloanzisha Jean Vilar mwaka 1947, na pembeni yake kuna lile la "Off" lenye maonyesho zaidi ya elfu moja, kila ukuta umebandikwa mabango, vyumba vimejaa, bei imepaa, na joto juu yake. Ukipenda tamthilia ni raha isiyo na mfano na nakushauri uende, lakini hiyo ni safari nyingine. Agosti joto linaendelea. Baridi ni rahisi na kimya ila mvua, upepo, na sehemu kibao zimefunga. Sisi tunalenga mwishoni mwa mwezi wa tano au sivyo katikati ya mwezi wa tisa. Mwezi wa tano angalia kalenda vizuri kwa sababu Wafaransa wana sikukuu nyingi mwezi ule, tarehe 1, tarehe 8, alafu Kupaa kwa Bwana na mara nyingine Jumatatu ya Pentekoste, wakiunganisha na wikiendi wote wanatoka kwenda kusini, utalipa zaidi kwa chumba kile kile.

Na mistral. Huu ni upepo wa kaskazini, unateremka na bonde la Rhône, mkavu, baridi, unapokuwa na hasira unapita kilomita 90 kwa saa, na unaweza kuvuma siku kadhaa. Mara nyingi ni baridi na masika ya kwao lakini hata mwezi wa tano unaweza kuja. Ukienda mashambani utaona nyumba za zamani zimeipa kaskazini mgongo hazina madirisha upande ule, na mistari ya miberoshi imepandwa kukinga mazao. Ule upepo ukishapita mbingu inakuwa buluu safi kabisa, unaona mpaka mlima Ventoux kwa mbali. Kwa hiyo hata kama ni kiangazi beba koti jepesi la kuzuia upepo na kwa wanaovaa hijabu kama mimi pini za kutosha, nakwambia kwa uzoefu.

Visa. Kwa sisi wenye pasi zinazohitaji visa hii ndo inayoamua kila kitu kwa hiyo usianze na hoteli, anza na kalenda ya visa. Unaomba visa ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi za Ulaya, ya muda mfupi kwa upande wa Ufaransa, ada ni euro 90 kwa mtu mzima, unaweza kuwasilisha mapema mpaka miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla, ila kungoja mwisho ni kujitafutia presha, nafasi za miadi zinaisha. Kila mmoja anajaza fomu yake hata kama ni mke na mume, na cheti cha ndoa weka. Bima ya safari iwe inafidia angalau euro 30,000. Ufaransa wanataka kuona una pesa ya kujikimu, kwa mwenye buking ya hoteli ni euro 65 kwa siku kwa kila mtu, asiye na buking ni 120, kwa hiyo ukiangalia vizuri buking ya hoteli inakusaidia hata kwenye benki statimenti. Sisi tumechukua chumba chenye ruhusa ya kughairi bure na tiketi ya ndege hatulipi mpaka visa itoke, tunapeleka rizavesheni tu.

Kufika ni rahisi kuliko nilivyodhani. Ukitua Paris Charles de Gaulle stesheni ya TGV, treni zao za kasi, iko hapo hapo eapoti, na kuna treni zinazokwenda moja kwa moja mpaka Avignon bila kuingia mjini Paris kabisa. Kama mnapita Paris basi mnapanda Gare de Lyon, masaa mawili na dakika arobaini hivi mmefika, na mimi napenda ile treni yenyewe, mnakaa pamoja, nchi inabadilika dirishani, kijani kinapungua, mapaa yanakuwa ya vigae. Tiketi za TGV zinapanda bei kadri siku zinavyokaribia kwa hiyo zikifunguliwa tu kata. Kuna treni za Ouigo za bei rahisi ila soma masharti ya mabegi kabla hujashangilia. Kitu cha kujua, Avignon ina stesheni mbili, ile ya TGV iko nje ya mji na ile ya Avignon Centre iko mbele ya ukuta, kuna treni ndogo inaziunganisha kwa dakika tano, usichukue teksi kwa woga.

Chumba sasa. Hapa sikubali mjadala, ni ndani ya ukuta. Hoteli za nje ya ukuta ni rahisi na zina paking, na kwa sababu hiyo zimejengwa kwa ajili ya watu wenye gari. Mkilala ndani mnatoka usiku saa nne mnazunguka uwanja wa Kasri wakati makundi ya watalii yameshaondoka na mawe bado yana joto la mchana. Place de l'Horloge penyewe pana kelele za migahawa, mimi ningeshauri mitaa ya rue Joseph Vernet na Place Crillon, au karibu na kanisa la Saint-Didier. Hôtel d'Europe ya kina Mill ni ya nyota tano, bei yake kwa bajeti yetu hapana, tutaingia kunywa kahawa uani kwao inatosha. Sisi tumeangukia zile nyumba za watu wenye vyumba vichache vya wageni na kifungua kinywa, chambres d'hôtes wanaita, jengo la zamani, kuta nene. Mambo matatu niliyouliza kabla ya kubuku: kitanda ni kimoja kikubwa au ni viwili vimesogezwa (waandikie wazi "grand lit" maana kuja kusherehekea ndoa kila mtu na godoro lake hapana), kuna kiyoyozi, na kuna lifti au ni ngazi. Majengo ya zamani mengi ni ngazi za mzunguko, na begi kubwa pale ni mateso. Usishangae ukiona wameongeza kodi kidogo ya kila usiku kwa kila mtu, hiyo ni ya mji, wanatoza wote.

Kwenye kula bata nimepanga hivi. Asubuhi ya kwanza kabisa Les Halles, soko la ndani pale Place Pie, utalijua kwa ukuta wake ulioota mimea juu mpaka chini kazi ya mtaalamu wa mimea Patrick Blanc. Linafunguliwa asubuhi na mchana wanafunga, na Jumatatu halipo. Pale mnanunua tapenade, ile ya kupaka kwenye mkate, ya zeituni nyeusi, jibini la mbuzi, mkate, na kama ni mwezi wa tano stroberi za Carpentras, kiangazi tikiti za Cavaillon, zile ndogo za duara zenye nyama ya rangi ya chungwa, ukiinusa pale kwenye kikonyo unajua imeiva. Mnabeba mnapanda Rocher des Doms, ile bustani juu ya mwamba nyuma ya Kasri, mnakaa kwenye nyasi. Mbele yenu Rhône, daraja lililokatika, ng'ambo ngome ya Villeneuve, na hewa ikiwa safi Ventoux huyo, zaidi ya meta 1,900, mlima ambao Petrarca huyo huyo aliupanda mwezi Aprili 1336. Hakuna mgahawa utakaotupa hicho kwa bei hiyo.

Migahawa ina masaa yake, hawana habari na njaa yako. Mchana ni kuanzia saa sita mpaka saa nane, usiku ni saa moja na nusu kwenda mbele, ukiingia saa tisa alasiri utapewa kahawa. Jumapili jioni na Jumatatu wengi wamefunga. Chakula cha mchana kile cha seti kinakuwa na bei nzuri kuliko cha usiku, kwa hiyo sisi mlo mkubwa ni mchana. Ukiomba "une carafe d'eau" wanakuletea jagi la maji ya bomba bure, sio lazima ya chupa, na huduma imeshawekwa kwenye bei, tipu ni hiari. Kwa Waislamu wenzangu, samaki na mboga zao zinatosha kabisa, ratatouille, tian, na ukiikuta aïoli hasa siku ya Ijumaa usiiache, ni samaki aina ya chewa na karoti na viazi na maharage mabichi na yai, na katikati bakuli la mchuzi mzito wa vitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Uliza tu kama mchuzi umepikwa na divai. Na zile peremende za pinki zenye miiba miiba wanazouza kila kona, papalines, zina pombe ndani, likya ya mimea, kwa hiyo zawadi ya watoto chukua calissons za lozi na tikiti.

Kasri la Mapapa tunalitengea asubuhi yake. Lilianza kujengwa 1335 na sehemu kubwa ilikamilika ndani ya miaka ishirini tu, na kumbi nyingi leo ni tupu, kuta za mawe tu, tiketi inakuja na tableti inayokuonyesha zilivyokuwa. Watu wanapita mbio wanasema mbona hamna kitu. Nendeni taratibu mpaka chumba cha kulala cha papa. Kuta zote zimechorwa, buluu nzito, mizabibu na majani ya mwaloni yamejikunja kunja mpaka juu, na ukisogea ukaangalia kwenye yale matawi kuna ndege, kuna kindi wadogo. Alafu nendeni kwenye unene wa dirisha, pembeni pale ambapo watu hawaangalii, wamechora vizimba vya ndege. Mimi nilisimama pale mpaka mlinzi akaanza kuniangalia. Chumba kinachofuata, cha Clement VI, ukuta mzima ni mambo ya kuwinda na kuvua, kuna bwawa la samaki na watu wanavua pembezoni, ni 1343 hiyo na rangi bado ipo. Hapo ndo nataka Baba Salha akae kimya aone nilichokuwa namsimulia kwenye simu bila kumaliza.

Daraja la Saint-Bénézet, lile linaloimbwa kwenye wimbo wa watoto wa Kifaransa, lilikuwa na matao 22, mto umekula mpaka yamebaki 4. Kuna tiketi ya pamoja na Kasri. Ila uzuri wake unaonekana ukiwa haupo juu yake. Kuna kivuko cha bure kinatoka chini ya ukuta karibu na daraja kinavuka kwenda kisiwa cha Barthelasse, dakika chache, na katikati ya baridi huwa kinasimama. Kisiwani mnatembea na njia ya kando ya mto mnatafuta benchi. Kwa sababu mko magharibi ya mji jua la jioni linakuwa mgongoni kwenu na mji wote unawaka mbele yenu, kwanza ukuta, daraja, alafu Kasri, na mwisho kabisa inabaki ile sanamu ya dhahabu ya Bikira Maria juu ya mnara wa kanisa kuu, inang'aa wakati huku chini kumeshaanza giza. Mwishoni mwa mwezi wa tano jua linazama baada ya saa tatu usiku kwa hiyo mnaweza kula kwanza ndo mkaenda. Kivuko saa hizo kimeshafunga, mnarudi kwa mguu na daraja la Daladier, sio mbali. Jioni mbili tunaziweka hapa, sio moja. Ya kwanza ikipigwa na mistral tunayo ya pili.

Kuna pia rue des Teinturiers, mtaa wa mawe ya mviringo chini, kando yake mfereji wa mto Sorgue na magurudumu machache ya maji yaliyobaki toka enzi za watia rangi na wale waliokuwa wanapiga chapa vitambaa vya pamba vya maua, indiennes. Mimi mpenzi wa kanga huo mtaa siutoki. Jioni watu wanakaa nje chini ya miti. Na makumbusho ya mji, Petit Palais yenye picha za mchoraji Botticelli, na ile ya Calvet, ni bure, Jumanne yanafungwa. Hayo ni ya siku ya mvua.

Nje ya mji tunatoka mara moja tu au mbili. Villeneuve-lès-Avignon ng'ambo ya mto ni lazima, zamani ule mto ndo ulikuwa mpaka, huku ya papa kule ya mfalme wa Ufaransa, ndo maana akajenga ngome ya Saint-André ikitazama Avignon. Ndani ya ngome kuna bustani za abasia, nyumba ya zamani ya watawa, ngazi ngazi, kichanja cha maua, mizeituni na misonobari, na mji wote wa Avignon uko kule chini. Kuna na Chartreuse, nyumba ya watawa aliyoanzisha papa Innocent VI mwaka 1356 na ndipo alipozikwa, kimya kweli kweli. Watalii wengi hawavuki, na mimi nashukuru.

Hapa pa pili ndo hatujaelewana. Baba Salha anataka Pont du Gard, lile daraja la maji la Warumi la karne ya kwanza, karibu meta 49 kwenda juu, ghorofa tatu za matao, basi linatoka Avignon. Yeye ni mtu wa ujenzi, namuelewa, maji yalikuwa yanasafiri kilomita 50 kutoka Uzès mpaka Nîmes kwa mteremko mdogo mno. Mimi nataka Arles, treni dakika ishirini, siku ya Jumamosi kwenye lile soko lao refu la boulevard des Lices, tuone uwanja wa Warumi, alafu tukae ukingoni mwa Rhône pale Van Gogh alipochora usiku wa nyota Septemba 1888. Zote mbili kwa siku moja HAPANA, hiyo tumeshakubaliana, itakuwa tumerudi kwenye ile ramani yake.

Tumeamua yeyote ambaye visa yake itatoka kwanza ndo anachagua. Miadi yetu ni wiki ijayo, bima nimeshalipia, barua za kazini zipo, picha tumepiga. Aliyewahi kulala na mwenza wake mitaa ya Saint-Didier aniambie kengele za kanisa zinaanza kulia saa ngapi asubuhi, maana chumba tulichoshika kinatazamana nalo na bado naweza kukibadilisha bila kukatwa hela.